Runinga ya kebo ilipojaribu kumsikia mwanafunzi

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, nilikaa majuma kadhaa nyumbani kwa dada yangu mjini Nakuru. Mpwa wangu alikuwa Gredi ya Nne. Kila asubuhi, baada ya chai, aliketi mkekani mbele ya runinga, daftari magotini, akafuata masomo. Siku moja kipindi kilikuwa cha Hisabati, mada ya sehemu. Mwalimu wa runingani, mama mchangamfu mwenye hati nzuri, aliandika hesabu ubaoni, akaifanya, akageuka na kuuliza, "Tumeelewana?" Akanyamaza kidogo, kama walimu wafanyavyo. Mpwa wangu akajibu kwa sauti, "Bado, mwalimu." Mwalimu akatabasamu, akasema, "Vizuri sana!" Kisha akafuta ubao.

Mtoto alinigeukia. "Mjomba, huyu mwalimu hanisikii."

Kusema kweli nilicheka. Kisha nikaona machozi yanamlengalenga, nikaacha kucheka. Nikamweleza kwamba kipindi kimerekodiwa, na kwamba hata mwalimu angekuwa studio saa ile, runinga haina masikio. Akafikiri kidogo. "Sasa mbona anauliza?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Mwalimu wa lugha kama mimi nilipaswa kuwa nalo, maana neno lenyewe lililotumika, "tumeelewana", ni la kisarufi kabisa, na nitalirudia baadaye. Lakini kwanza niseme nilichokipata nilipoanza kulitafutia jibu. Huenda msomaji akadhani kwamba malalamiko ya mpwa wangu ni ya zama za korona. La hasha. Takribani miaka hamsini kabla yake, wahandisi na walimu wa Marekani waliyasikia malalamiko yayo hayo, wakatumia pesa nyingi, za serikali na za kampuni, kujaribu kuipa runinga masikio. Chombo walichokitumia ni kebo, yaani ule waya mnene wa runinga unaopita mitaani na kuingia nyumba kwa nyumba. Ni nadra hapa kwetu kusikia historia hiyo ikitajwa, ilhali inatuhusu kila tunapoambiwa kwamba somo fulani la skrini ni "shirikishi".

Kebo haikuzaliwa kwa ajili ya elimu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji ya milimani ya majimbo kama vile Pennsylvania na Oregon, watu walinunua runinga wakakuta hazionyeshi kitu kwa sababu milima ilizuia mawimbi. Wafanyabiashara wa huko wakasimamisha eria juu ya kilima au jengo refu, wakavuta waya hadi makazini, na kila nyumba iliyolipa ikaunganishwa. Eria moja, nyumba nyingi. Ukitaka picha yake, fikiria maji ya mfereji: tangi liko mlimani, bomba kuu linateremka, vibomba vidogo vinaingia nyumbani. Maji huteremka tu. Hakuna anayetarajia yapande kurudi tangini.

Walimu waliona mapema faida ya bomba la namna hiyo. Mnamo Septemba 1956, kaunti ya Washington katika jimbo la Maryland, ambayo makao yake ni mji wa Hagerstown, ilianza kufundisha kwa runinga ya waya iliyounganisha studio na shule zake. Wakfu wa Ford ulisaidia kugharamia mradi huo. Zilianza shule nane, na baada ya miaka michache shule za umma za kaunti nzima zikawa zimeunganishwa. Sababu zilikuwa zile tunazozijua hata sisi: watoto waliongezeka upesi kuliko walimu, na mwalimu hodari wa sayansi, muziki au sanaa hakuweza kugawanyika awe katika kila shule. Kwa waya, sura na sauti yake vilifika kila shule kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, Hagerstown hawakumwacha mtoto peke yake na runinga. Ndani ya darasa alibaki mwalimu. Yule wa studio alifundisha kwa muda mfupi, kisha runinga ikazimwa, na yule wa darasani akauliza maswali, akasikiliza majibu, akarudia pale ambapo watoto walikuwa wamepotea. Kazi ya ualimu iligawanywa mara mbili: kusema kulipitia waya, kusikia kulibaki kwa binadamu aliye chumbani. Naomba msomaji aukumbuke mgawanyo huu, maana miaka iliyofuata ilikuwa ya kujaribu kuuondoa.

Je, maji yanaweza kupanda? Wahandisi walijua kwamba yanaweza. Waya wa kebo hubeba masafa mengi kwa pamoja. Picha za runinga hutumia masafa ya juu, kuanzia megahezi 50 na ushei. Chini yake hubaki nafasi, takribani kati ya megahezi 5 na 30, na nafasi hiyo yaweza kutumiwa kurudisha ishara kutoka nyumbani hadi kituoni. Kinachotakiwa ni kwamba mashine za kukuza mawimbi zilizowekwa njiani zipitishe pande zote mbili, na kila nyumba iwe na kidude cha kutumia ishara hiyo.

Lakini kurudi si sawa na kwenda. Ishara inayoteremka hutoka mahali pamoja na kutawanyika. Ishara inayopanda hutoka nyumba elfu na kukusanyika. Waya ukilegea katika nyumba moja, kelele za umeme huingia, zikapanda pamoja na majibu ya watu wengine na kuyachafua yote. Nyumba moja mbovu huweza kuharibu njia ya kurudi ya mtaa mzima. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba kumsikia mwanafunzi ni kazi ghali na ngumu kuliko kumwambia.

Serikali ya Marekani iliamini kwamba kazi hiyo inafaa kufanywa. Mwaka 1972 tume yake ya mawasiliano, FCC, ilitoa kanuni kwamba kampuni mpya za kebo katika masoko 100 makubwa ya runinga ziwe na angalau chaneli 20, zitenge chaneli kwa ajili ya elimu, na nyaya zao ziwe na uwezo wa kupitisha ishara za kurudi. Yaani sheria ilitaka bomba liwe na njia mbili hata kabla hajapatikana mtu mwenye uhakika litapitisha nini.

Jaribio la kwanza ninalotaka kulieleza lilikuwa limekwisha kuanza. Mnamo 1971, katika mji mpya wa Reston, Virginia, shirika la utafiti liitwalo MITRE lilionyesha mfumo ulioitwa TICCIT. Mtu alikaa sebuleni kwake, akabonyeza vitufe vya simu ya kawaida, na tarakilishi iliyokuwa mbali ikamletea kwenye runinga yake, kupitia kebo, ukurasa aliouomba yeye peke yake. Jirani yake kwa wakati uo huo aliweza kuona ukurasa mwingine. Angalia ujanja uliotumika: kwenda kulipitia kebo, kurudi kulipitia simu. Njia ya kurudi ya kebo ilikuwa bado ina matatizo, basi wakaazima masikio ya simu.

Baadaye, kwa fedha za wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani, NSF, mfumo huo ulihamishiwa vyuoni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brigham Young walitunga masomo ya Hisabati na ya uandishi wa Kiingereza, yakatumiwa katika vyuo viwili vya jamii, kimoja Phoenix, Arizona, kingine kaskazini mwa Virginia. Mwanafunzi aliketi mbele ya runinga ya rangi na kibodi yenye vitufe maalumu. Kimoja kilimpa kanuni, kingine mfano, kingine zoezi. Alikuwa na kitufe cha kuomba kitu rahisi zaidi, cha kuomba kigumu zaidi, na cha kuomba msaada. Hata leo, tukiwa na simu zenye nguvu kuliko tarakilishi zile, sijaona programu nyingi zinazompa mwanafunzi heshima ya kuchagua kiasi hicho.

Shirika la mitihani la ETS lilichunguza matokeo na kutoa ripoti mwaka 1978. Kwa Hisabati, matokeo yalikuwa na sura mbili. Waliomaliza somo kwa TICCIT walifanya vizuri kuliko wenzao wa darasa la kawaida. Lakini waliomaliza walikuwa wachache mno: kama 16 katika kila wanafunzi 100, ilhali katika madarasa ya kawaida walimaliza kama 50 katika kila 100. Bila shaka mtu anaweza kusema kwamba hao 16 ni wale wenye bidii ambao wangefaulu hata kwa kusomea chini ya mwembe. Mimi naona jambo jingine pia. Mashine ilimjibu mwanafunzi kila alipobonyeza. Alipoacha kubonyeza, nayo ikanyamaza. Hakuna aliyemuuliza, "Wewe, jana ulikuwa wapi?"

Mwaka 1976 NSF iligharamia majaribio mengine matatu katika miji mitatu midogo, safari hii kebo yenyewe ikitumika kwenda na kurudi. Yote matatu yanastahili kutajwa, maana kila moja liliweka binadamu mahali tofauti.

Huko Rockford, Illinois, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State walifundisha wazimamoto wakiwa vituoni mwao. Mzimamoto hawezi kuondoka kituoni kwenda darasani, maana kengele yaweza kulia saa yoyote. Kwa hiyo somo lilimfuata alipo. Kila baada ya maelezo, swali lilitokea kwenye skrini likiwa na majibu ya kuchagua, na wazimamoto wakabonyeza. Waliopewa vitufe walilinganishwa na waliotazama tu. Kule kulazimika kujibu kuliwasaidia kujifunza, na waliopenda somo zaidi ni wale waliojibu. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwita mwanafunzi anayesinzia nyuma ya darasa anajua kwa nini.

Huko Spartanburg, South Carolina, shirika la utafiti la Rand lilishughulikia watu wazima walioacha shule wakiwa vijana na sasa walitaka cheti cha kulingana na cha shule ya upili. Watu wa namna hiyo aghalabu hawafiki darasa la jioni. Mmoja hana wa kumwachia watoto, mwingine hana usafiri, mwingine anaona haya. Rand iliwawekea vitufe nyumbani. Mwalimu alifundisha mubashara kutoka studio, akauliza, nao wakabonyeza majibu jikoni na sebuleni kwao. Majibu yalimfikia papo hapo kwenye skrini iliyokuwa mbele yake, naye aliweza kuona nani kajibu nini, akarudia alipoona wengi wamekosea. Walipolinganishwa na wanafunzi wa darasa la kawaida, hawa wa nyumbani hawakuachwa nyuma.

Tofauti ya Spartanburg na TICCIT ndiyo moyo wa makala haya. Ukihesabu vitufe, mwanafunzi wa TICCIT alikuwa na uwezo mkubwa zaidi. Yule wa Spartanburg alikuwa na vichache tu vya kuchagua jibu. Lakini mwisho wa waya wa Spartanburg alikaa mtu. Mama aliyekosea swali alijua kwamba kosa lake limeonekana na mwalimu, na kwamba mwalimu atafanya jambo. Wa TICCIT alijua kwamba limehesabiwa na mashine.

Jaribio la tatu, la Reading, Pennsylvania, liliwahusu wazee. Chuo Kikuu cha New York kilisaidia kuunganisha kwa kebo vituo vya mtaani ambako wazee walikutana. Kila kituo kilikuwa na kamera na runinga, hivyo wazee wa kituo kimoja waliwaona na kuzungumza na wa kituo kingine, wakawauliza maafisa wa mji na wa serikali maswali kuhusu haki na huduma zao. Wazee wenyewe waliongoza vipindi. Fedha za NSF zilipokwisha, wenyeji hawakukubali kifungwe. Wakaanzisha chombo chao cha runinga ya jamii, nacho kikaendelea kwa miaka mingi. Katika majaribio yote ninayoyasimulia, hili ndilo lililoota mizizi, na sioni ajabu. Aliyezoea kusikika hakubali kirahisi kunyamazishwa.

Kisha wakaja wafanyabiashara wenyewe. Tarehe 1 Desemba 1977, mjini Columbus, Ohio, kampuni ya kebo ya Warner ilizindua QUBE. Kila nyumba ilipata chaneli 30 na kidude chenye vitufe, vitano kati yake vikiwa vya kujibu. Tarakilishi ya kampuni ilizizungukia nyumba zote kila baada ya sekunde chache kuangalia nani amebonyeza nini. Masomo ya chuo yalifundishwa kwa njia hiyo, mwanafunzi akijibu maswali kutoka kwenye kochi lake. Lakini masomo yalikuwa mgeni mdogo kwenye karamu hiyo. Watu walipigia kura washiriki wa mashindano ya vipaji, wakatoa maoni kuhusu mambo ya mji, na mwaka 1978 mashabiki wa kandanda ya Kimarekani walipewa nafasi ya kuichagulia timu ya huko mbinu za kucheza wakiwa majumbani. Kipindi cha watoto cha QUBE kiitwacho Pinwheel ndicho kilichokua kikawa chaneli ya Nickelodeon mwaka 1979. Mtoto anayeitazama Nickelodeon leo kule Kilimani au Nyali hajui kwamba asili yake ni waya uliotaka kumsikia.

Ulinyamaza kwa sababu gani? Kwanza, pesa. Kidude cha kila nyumba, mashine za njiani, studio na wafanyakazi viligharimu mno, na watazamaji hawakuwa tayari kulipia kubonyeza. Kufikia mwaka 1984 kampuni hiyo, ikiwa imelemewa na hasara, iliachana na vipindi vya majibizano. Pili, sheria. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba FCC haikuwa na mamlaka ya kuzilazimisha kampuni za kebo kutimiza kanuni za aina ile niliyoitaja. Kuanzia hapo njia ya kurudi ikawa hiari ya mwenye waya. Tatu, na hili ni langu, ni kwamba kitufe kilionekana kuwa ndicho somo. Mwaka wa kwanza watu walibonyeza kwa shauku, kama mtoto aliyepewa filimbi. Shauku ilipoisha, waliendelea wale tu ambao majibu yao yalikuwa na mtu wa kuyapokea.

Njia yenyewe haikufa. Masafa yale ya chini ya waya, yaliyokusudiwa kupandisha jibu la mwanafunzi, yalikuja kutumiwa kupandisha data. Mwaka 1997 kampuni za kebo zilikubaliana juu ya kanuni za pamoja za kiufundi za intaneti ya kebo, zinazoitwa DOCSIS, na mamilioni ya nyumba duniani zikaanza kupata intaneti kupitia waya wa runinga. Kila unapotuma ujumbe kutoka nyumba yenye intaneti ya aina hiyo, ujumbe wako hupanda kwa njia waliyoihangaikia watu wa Spartanburg. Masikio yalipatikana. Swali la mpwa wangu bado lipo.

Sasa niligeukie neno nililoahidi. Mwalimu wa runingani hakuuliza "Mmeelewa?" Aliuliza "Tumeelewana?" Kitenzi "elewa" kimevishwa kiambishi "-an-", kikawa katika kauli ya kutendana. Kauli hiyo haikubali mtu mmoja. Siwezi kupigana peke yangu, wala kusalimiana na ukuta. Kusema "tumeelewana" ni kudai kwamba mimi nimekuelewa wewe kama vile wewe ulivyonielewa mimi. Runinga ya njia moja inaweza kuelewesha, ambayo ni kauli ya kusababisha: mmoja anatenda, mwingine anatendwa aelewe. Kuelewana haiwezi. Mpwa wangu, bila kujua istilahi hizi, alilisikia neno kama lilivyo, akatimiza upande wake wa kutendana. Upande wa pili haukuwapo.

Ndiyo maana nina shaka na neno "shirikishi" tulilolifanya kuwa tafsiri ya kila kitu chenye kitufe. "Shirikisha" pia ni kauli ya kusababisha. Mwenye chombo ndiye anayeshirikisha. Mwanafunzi anashirikishwa, apende asipende. Wanaisimu wengine husema "mtagusano", na ni neno zuri, ingawa mtaani halijafika. Mimi ningependekeza neno ambalo hata bibi yangu angelielewa: somo la majibizano. Ndani ya "jibizana" mna jibu, na mna "-an-". Chombo kisichoweza kupokea jibu hakistahili jina hilo, hata kikiwa na vitufe mia.

Wala jambo hili si geni katika utamaduni wetu. Fanani wa ngano haanzi mpaka aitikiwe. Akisema "Paukwa!" na kukawa kimya, anajua watoto wamelala, na hadithi inangoja kesho. Vitendawili navyo vina kanuni kali zaidi. Mtegaji husema "Kitendawili!" Hadhira hujibu "Tega!" Wakishindwa, yeye hadai tu kwamba wameshindwa; huomba mji, wampe mji, ndipo awafumbulie. Hapo mna kila kitu walichokitafuta wahandisi wa Reston: ishara ya kwamba msikilizaji yupo, jibu, masahihisho, na bei ya kukosea ambayo haimwaibishi mtu.

Na si kwamba Kenya hatujawahi kulijaribu hili kwa vyombo vya kisasa. Kati ya 1980 na 1985 iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ikishirikiana na wataalamu kutoka Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya kwanza hadi la tatu katika shule za mashambani. Kipindi kilikuwa cha nusu saa. Sauti redioni iliuliza, ikanyamaza kwa kipimo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha sauti ikataja jibu sahihi. Redio haikuwasikia, ni kweli. Lakini mwalimu alikuwa papo hapo chumbani, akiwasikia, na watoto hao walipopimwa walionekana kuwashinda wenzao wasiofundishwa kwa redio. Ni Hagerstown ile ile, bila picha na kwa bei ya betri.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha African Virtual University, ambayo makao yake yalihamishiwa Nairobi mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Mihadhara iliteremka kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, na wanafunzi waliuliza maswali kwa simu, faksi au barua pepe. Kwenda kwa njia moja, kurudi kwa nyingine, kama Reston.

Kwa hiyo tulipofika 2020 hatukuwa mbumbumbu. Tulikuwa na kumbukumbu, ila hatukuzitumia. Katika nyumba nyingi nchini runinga hupokea kupitia king'amuzi na eria, chombo ambacho hupokea tu. Kebo yenye njia mbili iko katika baadhi ya mitaa ya miji mikubwa. Lakini njia ya kurudi haikuwa lazima ipitie kule kule. Simu ya kabambe ya dada yangu ilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwenye mkeka wa mwanawe. Ujumbe mfupi mmoja ungetosha kusema "bado". Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea: mwalimu, hata wa kujitolea, hata wa shule ya jirani, aliyepangiwa kusoma jumbe za saa ile na kusema, "Nimewasikia, kesho tutarudia sehemu."

Nasema haya kwa sababu kufungwa kwa shule si jambo la korona peke yake. Mafuriko hufunga shule. Ukosefu wa usalama hufunga shule. Na hata zikiwa wazi, kuna shule zisizo na mwalimu wa somo fulani, na kila mwaka huja mtu na skrini mpya akisema ndiyo dawa. Hilo likitokea, tumwulize swali moja kabla ya kuuliza bei: mtoto akisema "bado", nani atasikia? Akijibu kwa kututajia jina la mashine, tumsimulie habari za wale 16 katika 100. Akitutajia mwalimu, tumwulize ana wanafunzi wangapi na analipwa na nani. Hayo mawili yakijibiwa vizuri, skrini yoyote itafaa, hata ya zamani.

Siku ile Nakuru nilizima runinga. Nikachukua chungwa, nikalikata vipande vinne, nikamuuliza mpwa wangu robo mbili ni kiasi gani. Alifikiri, akaviweka viwili pamoja, akaniangalia usoni kwanza kabla hajajibu, kuona kama ninasikiliza.